Uzi: Ukianika anwani ya barua pepe kwenye tovuti, wavunaji hawachelewi

FundiWaKibuye:

Hamjambo wadau. Uzi huu ni mrefu. Kama unatengeneza tovuti, au una biashara yenye tovuti huku kwetu, iwe Kisumu, Kakamega, Nakuru au Busia, nakuomba uvumilie uusome, kwa sababu kosa ninalolieleza, la kuacha anwani wazi ikavunwa na programu za watuma taka, nililifanya mimi na aliyeumia ni mteja wangu.

Ni mama mwenye nyumba ya wageni upande wa Isecheno, pembezoni mwa msitu wa Kakamega, ukishapita Shinyalu. Vyumba sita. Wageni wa hapa nchini humpigia simu au humtumia ujumbe wa WhatsApp, hao hawana shida. Lakini msitu ule una ndege ambao watu hutoka Uingereza na Uholanzi kuja kuwatazama, na wageni wa aina hiyo huandika barua pepe miezi mingi kabla ya safari. Hao ndio wanaolala siku nne, tano, na kula palepale. Kwa mama huyu barua moja ikipotea ni ada ya muhula mzima imepotea.

Nilipomtengenezea tovuti mwaka 2021 niliweka anwani yake chini ya kila ukurasa, wazi kabisa, na kiungo cha mailto ili mtu akigusa tu simu imfungulie barua. Na haikuwa anwani mpya. Ilikuwa ileile ya miaka yote, aliyoiandikisha benki, kwenye mfumo wa kodi wa iTax na katika shule za watoto.

Haikupita miezi mingi zikaanza kumiminika. Mikopo. Dawa. Watu wanaoahidi kuipandisha tovuti yake iwe ya kwanza Google. Ankara bandia. "Kikasha chako kimejaa, bofya hapa." Zikazidi hadi akawa anachagua ukurasa mzima na kufuta zote kwa mkupuo. Ndivyo alivyoifuta barua ya kundi la wageni wanane waliotaka kukaa siku tano. Wale watu waliandika tena, na barua ya pili ikaangukia folda ya taka. Alikuja kujua siku ambayo muongoza wageni mmoja wa msituni alimuuliza, "Mama, mbona uliwakataa wale?"

Alinipigia simu. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hawa watu wa barua chafu anwani yangu waliitoa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Niliwapa mimi.

Sasa, wavunaji hufanyaje kazi? Hakuna mtu aliyeketi mahali akisoma tovuti ya mama. Ni programu inayotembea kutoka kiungo hadi kiungo kama zile za Google, ila hii inatafuta kitu kimoja: herufi, alama ya @, herufi, nukta, herufi. Ikikutana na neno mailto kazi inakuwa rahisi zaidi, maana neno hilo linatangaza kwamba kinachofuata ni anwani. Usitegemee faili ya robots.txt, ile inayoziambia programu kurasa zipi zisiguse, kuizuia. Tangu utaratibu ule ubuniwe mwaka 1994, faili hiyo ni ombi tu, na mwizi haombwi. Orodha ikijaa inauzwa, na aliyeinunua naye huiuza. Umeona omena ikianikwa Dunga bila mtu wa kuilinda? Kunguru wa kwanza akishatua, wa pili haulizi njia.

Na jambo hili si geni. Mwaka 2003 shirika la Marekani liitwalo Center for Democracy and Technology lilifungua mamia ya anwani, kila moja likaitumia mahali pamoja tu, kisha likasubiri miezi sita kuona taka zitaingia wapi. Zilizopata taka nyingi kupita zote ni zile zilizowekwa wazi kwenye tovuti za umma. Zilizofichwa, hata kwa njia rahisi za wakati ule, hazikupata. Zilizoondolewa kwenye tovuti zilipata nafuu kubwa. Kwa hiyo kuiondoa ni kazi yenye faida, hata ukiwa umechelewa. Ila nafuu si kupona: nakala iliyokwisha kuuzwa huwezi kumnyang'anya mtu.

Nitaendelea hapa chini na nilichofanya. Mwenye swali aulize.

Mwalimu_Vihiga:

Pole kwa huyo mama. Mimi ndiye nashughulikia tovuti ya shule yetu. Tumeandika anwani kwa maneno, yaani "at" badala ya alama na "dot" badala ya nukta. Tovuti ya kituo cha afya jirani wameweka picha ya anwani. Ipi afadhali?

FundiWaKibuye:

Mwalimu, ya maneno ni afadhali kuliko kuacha wazi, lakini imezeeka. Mtu anayeandika programu ya kuvuna leo anaongeza mstari mmoja tu wa kutambua hayo maneno mawili na biashara imekwisha. Ukitaka kubaki na njia hiyo, andika kwa Kiswahili chako, kwa mfano "weka alama ya @ hapa, kisha jina la shule". Wavunaji wengi hawakutengenezwa wakiwafikiria Waswahili, na hiyo ni ngao kidogo. Ubaya wake ni kwamba mzazi mwenye simu ndogo lazima aiandike upya, na akikosea herufi moja barua haifiki na yeye hajui.

Picha siipendi. Haiguswi, haitoki kwa kunakili, na ukikuza skrini inafifia.

Msikilizaji_Siaya:

Naomba niongeze kwenye hilo la picha, maana linanigusa. Mimi sioni. Nilisoma Kibos, hapo Kisumu, na sasa nafanya kazi kwa kompyuta yenye NVDA na simu yenye TalkBack, programu zinazonisomea skrini kwa sauti. Nikifika mahali palipoandikwa "wasiliana nasi kupitia" halafu sauti iseme "picha" na kunyamaza, mimi nimefungiwa mlango. Nimeshaacha kuomba nafasi mbili za kazi kwa sababu hiyo, kwa vile sikuwa na mtu karibu wa kunisomea.

Kuna nyingine mbaya kuliko picha: ile ya kuandika anwani kinyumenyume na kuigeuza kwa CSS, yaani maelekezo ya mwonekano wa ukurasa, ili macho yaione sawa. Mimi husomewa iliyo kinyume. Hata anayeona, akiinakili, hubandika iliyo kinyume. Mnapojikinga na wezi, tukumbukeni na sisi.

FundiWaKibuye:

Asante sana ndugu. Maneno yako ndiyo kiini cha uzi huu, na umeyasema vizuri kuliko mimi. Ukificha anwani hadi mteja naye asiione, huyo mvunaji hajakushinda yeye, umejishinda mwenyewe. Mama wa Isecheno alikuwa amepoteza wageni kwa sababu ya taka. Nisingekubali awapoteze tena kwa sababu ya dawa ya taka.

Kwa hiyo nieleze nilichofanya, kwa mpangilio nilioufuata, pamoja na nilipokwama.

Kwanza niliacha kufikiria kuficha, nikafikiria kubadilisha. Anwani yake ya benki na ya shule haina kazi yoyote kwenye tovuti. Alikuwa tayari na domeni yake ya .co.ke inayolipiwa kila mwaka, na ndani ya malipo yale kulikuwa na nafasi ya anwani ambayo hatukuwahi kuitumia. Tulifungua anwani ya wageni peke yake, yenye neno la kawaida na tarakimu za mwaka. Taka zikiizidi, tunafungua ya mwaka unaofuata, tunaibadilisha kwenye tovuti, tunawaandikia wageni wanaofahamika, na ile ya zamani tunaiacha wazi miezi michache kisha tunaifunga. Ya mwaka mmoja ikifa, hajapoteza benki, hajapoteza iTax, hajapoteza chochote.

Wengine hutumia ujanja wa Gmail wa kuongeza alama ya kujumlisha na neno baada ya jina. Unafaa kukujulisha nani ameuza anwani yako, lakini kama kinga haufai. Mvunaji anakata kuanzia ile alama na kubaki na anwani yako halisi.

Hapo pa kuunganisha anwani mpya na simu ya mama nilikosea tena. Niliweka usambazaji, kwamba kila kinachoingia kwenye anwani ya wageni kirushwe Gmail yake. Kumbe na taka zote zinarushwa, na machoni pa Gmail anayezituma ni seva yetu. Barua nzuri za mama zikaanza kuangukia folda ya taka kwa wateja. Niliutoa usambazaji, nikamwekea kikasha cha pili moja kwa moja kwenye programu ya barua ya simu. Vikasha viwili, kila kimoja na mlio wake. Ukilia ule wa wageni, anajua ni kazi.

Pili, namna ya kuionyesha. Kwenye msimbo wa ukurasa hakuna tena anwani nzima. Kuna jina mahali pamoja na domeni mahali pengine, na JavaScript fupi, yaani programu ndogo inayoendeshwa na kivinjari, huviunganisha ukurasa ukishafunguka na kutengeneza kiungo cha kawaida cha mailto. Mgeni anagusa, simu inafungua barua, TalkBack inaisoma vizuri. Mvunaji anayechukua msimbo bila kuuendesha, na hao ni wengi kwa sababu kuuendesha kunagharimu muda na kompyuta, hapati kitu. Anayeuendesha anaipata, sitawadanganya. Ndiyo maana hatua ya kwanza ilikuwa kubadilisha anwani.

Kwa yule ambaye JavaScript yake haifanyi kazi, niliandika sentensi ya kawaida: andika jina fulani, weka alama ya @, malizia na jina la tovuti hii. Jaribuni pia kwa kivinjari cha Opera Mini. Katika hali yake ya kubana data kabisa, ukurasa huendeshwa kwenye seva zao kisha simu hupewa matokeo, kwa hiyo mbinu zinazongoja mtu aguse kwanza huwa hazina uhakika. Ndiyo sababu ya kuunganisha mapema.

Na zile namba za HTML, lugha ya kuandikia kurasa, yaani kuandika namba ya msimbo badala ya alama ya @ yenyewe? WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, ina kitendakazi chake cha kufanya hivyo, kinaitwa antispambot. Kitumieni kama mpo huko, hakina gharama, ila kivinjari chochote na programu yoyote inayosoma HTML ipasavyo huzigeuza namba hizo papo hapo. Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti, nao wana kinga yao inayobadilisha anwani kuwa mfuatano wa herufi na namba. Ni nzuri zaidi, lakini mpangilio wake unajulikana, na anayetaka kuufungua anaufungua.

MkulimaKitale:

Ndugu fundi, kazi yote hii ya nini? Gmail si inachuja? Mimi kuku wangu nauza kwa simu, na taka zikija zinakwenda zenyewe folda ya taka.

FundiWaKibuye:

Kama biashara yako yote ni ya simu, kweli, ondoa anwani kwenye tovuti uweke namba ya biashara, na uzi huu haukuhusu sana. Lakini soma tena kisa cha mama. Barua ya kwanza aliifuta yeye kwa uchovu. Ya pili iliuawa na kichujio hichohicho unachokisifu. Kichujio kinachopokea matope mengi kila siku hukosea pande zote mbili, na kosa la kukutupia mteja halikupigii kelele.

Na wewe mwenye kuku, ukiletewa LPO bandia, yaani hati ya kuagiza bidhaa, yenye jina la hoteli kubwa, itakuja kwa anwani iliyovunwa vilevile.

DadaSection58:

Niko Nakuru, nina duka la pembejeo. Mimi yangu ni ya kutisha zaidi. Napokea barua kutoka kwangu mwenyewe! Mtumaji ni anwani yangu ya duka, anasema ameiingilia kompyuta yangu na anataka pesa. Nimebadilisha nywila mara tatu. Nifanye nini?

FundiWaKibuye:

Dada, tulia kwanza, na usitume hata shilingi. Karibu kila mara mtu huyo hajaingia popote. Jina la mtumaji kwenye barua pepe ni kama jina la mtumaji nyuma ya bahasha: mtu yeyote anaweza kuliandika. Amevuna anwani yako kwenye tovuti, akaiweka mbele na nyuma. Kagua folda ya zilizotumwa. Kama hujaona usichokituma, na hakuna sheria ya usambazaji usiyoijua kwenye mipangilio, nywila uliyobadilisha inatosha. Washa na uthibitisho wa hatua mbili.

Kisha mwambie anayeshughulikia domeni yako aweke SPF, DKIM na DMARC. Ni mistari ya maandishi inayowekwa kwenye rekodi za domeni. Ya kwanza inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, ya pili inatia sahihi kwenye kila barua, ya tatu inamwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyolingana. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanazidai zote tatu kwa wanaotuma barua kwa wingi, na hata mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM. Kwa hiyo hii inakufaa mara mbili, kuzuia walaghai na kufikisha barua zako.

Tovuti yako ina fomu ya mawasiliano?

DadaSection58:

Iko. Lakini inaleta matangazo ya Kirusi kila asubuhi, na wakati mwingine wateja wanasema walijaza na mimi sikupata.

FundiWaKibuye:

Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Matangazo ya Kirusi yanaletwa na programu zinazojaza kila kisanduku zinachokiona. Ongeza kisanduku kimoja cha mtego, kifichwe kwa CSS, na pembeni pake pawe na maneno "acha wazi" kwa ajili ya ndugu yetu wa Siaya, ambaye kisomaji chake kinaweza kukifikia. Mtu hakijazi, programu inakijaza, na fomu yoyote iliyo na kitu ndani yake unaitupa kimya. Ninavyojua mimi, mtego huo unamaliza sehemu kubwa ya shida bila kumlazimisha mkulima wa Njoro kuchagua picha za taa za barabarani ili kuthibitisha kuwa yeye ni mtu.

Kupotea kwa ujumbe wa wateja mara nyingi ni hivi: fomu inatuma barua ikijifanya imetoka kwa anwani ya mteja. Seva yako haina ruhusa ya kutuma kwa jina la Gmail wala Yahoo, kwa hiyo DMARC inaikataa au inatupwa folda ya taka. Mtumaji awe anwani ya domeni yako mwenyewe, na ya mteja iwekwe sehemu ya jibu. Ukibonyeza jibu inakwenda kwake vizuri.

Na tafadhali fungua msimbo wa ukurasa wa fomu. Kuna fomu za zamani zinazoweka anwani ya mpokeaji ndani ya kisanduku kilichofichwa. Kimefichwa kwa macho tu; mvunaji anakisoma kama gazeti.

Mwalimu_Vihiga:

Kisheria je? Hawa watu hawashtakiki?

FundiWaKibuye:

Mwalimu, kwa kifupi. Katiba yetu ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kutumia data zako binafsi kibiashara bila idhini yako. Kampuni ya hapa nchini ikivuna majina na anwani za walimu wenu na kuanza kuwatumia matangazo, mnaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Anwani ya jumla ya shule ni jambo jingine, sheria hiyo inamlinda mtu. Marekani nao, kwa sheria yao ya CAN-SPAM ya 2003, kuvuna anwani kwenye tovuti huzidisha uzito wa kosa. Ila mvunaji wengi wetu hatutamjua alipo. Kuna watu waliojaribu kuwafuata: Project Honey Pot, ulioanza mwaka 2004, huweka kurasa za mtego zinazompa kila mgeni anwani yake ya pekee. Taka zikiingia kwenye anwani ile, wanajua ni nani aliyeivuna na lini. Mmoja wa waanzilishi wake, Matthew Prince, ndiye baadaye alikuja kuanzisha Cloudflare na wenzake.

Mwalimu, mkiwa mmeweka orodha ya walimu na anwani zao binafsi kwenye tovuti, ishusheni leo. Anwani ya ofisi inatosha wazazi.

Mwalimu_Vihiga:

Ipo. Ni PDF ya ratiba, majina yote thelathini. Naishusha sasa hivi.

FundiWaKibuye:

PDF! Hapo ndipo hata mimi nilipozidiwa, na ni vizuri umelitaja.

Baada ya kumaliza kazi yote ya mama, nilikuwa na furaha. Kabla ya kumwambia, nilitafuta anwani ya zamani Google, nikiiweka ndani ya alama za kunukuu. Ilitokea sehemu tatu. Ya kwanza, PDF ya bei za vyumba niliyoipakia mwaka 2021 na kuisahau. Ya pili, mandhari (theme) ya tovuti ilikuwa inaandika taarifa za biashara kwa ajili ya Google ndani ya msimbo, na humo anwani ilikuwa wazi, mbali na macho ya mtu yeyote. Yaani chini ya ukurasa nimefunga mlango, juu nimeacha dirisha. Ya tatu, ukurasa wa tangazo la utalii ambalo mtu mwingine alinakili kutoka kwetu. Huyo niliandikia akabadilisha siku ileile, namshukuru.

Nikatafuta pia anwani mpya kwa njia ileile, na kwa kufungua msimbo wa kila ukurasa na kutafuta alama ya @ peke yake. Fanyeni hilo la pili hata kama hamtafanya kingine chochote.

Msikilizaji_Siaya:

Ndugu fundi, nimeingia kwenye tovuti ya shule ya mwalimu sasa hivi kwa TalkBack. Anwani ya ofisi inasomeka kama kiungo na inafungua barua. Mwalimu, umeshabadilisha?

Mwalimu_Vihiga:

Nimebadilisha dakika kumi zilizopita, nikiwa bado niko ofisi ya walimu. PDF nimeishusha. Nikupe kazi moja, ndugu: nitumie barua ya majaribio nione kama inafika.

Msikilizaji_Siaya:

Nimetuma.

Mwalimu_Vihiga:

Imefika. Kwenye kikasha, si kwenye folda ya taka.

DadaSection58:

Fundi, na yule mama? Wale wageni wanane walirudi?

FundiWaKibuye:

Wale hapana, walishalipa kwingine. Nilimsaidia kuwaandikia barua ya kuomba radhi kutoka anwani mpya, tukaeleza ukweli wote. Mmoja wao alijibu. Aliuliza kama Februari vyumba viwili vitakuwa wazi.